Ukiambiwa "Njoo Kesho": Kudai Huduma Pemba Bila Kugombana

Mtu wa Kojani anayefuata huduma Wete huanza safari yake kwa chombo, kisha gari. Wa Kisiwa Panza naye avuke kwanza ndipo afike Mkoani. Akifika afisini akaambiwa "njoo kesho", kesho hiyo ina nauli nyengine na siku nzima ya kazi iliyopotea. Na mara nyingi hasemi kitu. Anayemwambia ni mtoto wa jirani, au mkwe wa dada yake, au amesoma naye skuli. Anaona muhali kulalamika, maana Ijumaa watakutana msikitini.

Muhali huo huo ndio unaofungua mlango wa nyuma, anayejuana na karani akahudumiwa mbele ya waliotangulia. Anayenyamaza kwa staha hulipia upendeleo wa mwengine, na hilo linaniuma. Lakini ukali hautusaidii katika kisiwa ambacho sote ni jamaa. Linalosaidia ni kuyaelekeza malalamiko kwenye afisi, si kwa mtu, tena kwa maandishi.

Jitayarishe kabla hujatoka nyumbani. Ukifuata kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi au cheti cha kuzaliwa, pita kwanza kwa sheha umuulize karatasi zinazotakiwa, uchukue na vivuli vya akiba. Ukifika, salamu kwanza, kama kawaida yetu. Kisha usiulize "itakuwa tayari lini?", kwani jibu lake ni lile lile la kesho. Uliza: "Mwanangu, faili langu liko kwa nani sasa, na limebakia nini?" Hapo atalazimika kukutajia dawati. Andika ulilojibiwa, tarehe, na cheo cha aliyekujibu. Ukirejeshwa kwa karatasi iliyopungua, muombe akuandikie zote zinazotakiwa kwa mara moja, usije ukaitwa tena kwa nyengine.

Isipokwenda, muone mkuu wa kitengo. Wengi hudhani baada ya hapo ni kupanda boti kwenda Unguja. Sivyo. Wizara za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, zina Maafisa Wadhamini hapa hapa Pemba, na kazi yao ni kusimamia wizara kwa niaba ya makao makuu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: nilikwenda afisi gani, tarehe ngapi, nikaambiwa nini, na ninaomba nini. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Ukiombwa "chai" ili faili lisogee, hilo ni jambo la ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa.

Kwa maji anza ZAWA, mamlaka ya maji; kwa umeme anza ZECO, shirika la umeme. Wakikaa kimya, nenda ZURA, mdhibiti aliyeundwa kwa sheria ya 2013 kusimamia huduma za maji na nishati. Ukinunua umeme wa tukuza, yaani wa kulipia kabla, kwa simu na nambari za kuingiza kwenye mita zisije, usifute ujumbe wa malipo. Nambari ya muamala iliyomo ndiyo ushahidi wako.

Karafuu nazitaja peke yake. Mwenye duka akikujibu vibaya unaweza kwenda duka la pili, lakini karafuu kavu kisheria hununuliwa na ZSTC tu, shirika la biashara la serikali lililoanzishwa 1968. Kwa hivyo mkulima aliyeanika kwa siku kadhaa, akapeta na kutoa makonyo, anastahili kuelezwa kila hatua kituoni. Simama karibu na mizani, uione inasoma sifuri kabla gunia halijapandishwa. Mpimaji akitia mkono guniani na kusema ni daraja la pili, muulize akuoneshe kilichoishusha: ni unyevu, ni makonyo, au ni mpeta? Akikuonesha, msimu ujao utajua pa kurekebisha. Soma stakabadhi yako kabla ya kuondoka, uzito na daraja vyote viwe vimeandikwa.

Madukani utaona tangazo: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Tangazo hilo halihalalishi kuuza dawa au chakula kilichopitwa na muda. Weka risiti na bidhaa yenyewe, zungumza na muuzaji kwa utulivu, na akikataa kabisa, wapelekee ZFDA, wakala wa chakula na dawa. Kwa benki na kampuni za simu, lalamika kwanza kwao na udai nambari ya malalamiko. Bila ya nambari hiyo Benki Kuu, au TCRA inayodhibiti mawasiliano, hawatakuwa na pa kuanzia.

Asiyejua kuandika asirudi nyuma. Mwanafunzi wa nyumbani aandike kama anavyosema mwenyewe, amsomee yote, kisha atie dole gumba na tarehe. Barua hiyo nayo inagongwa muhuri.