Mahekalu Katika Sarafu za Kirumi

Miongoni mwa wakusanyaji wa sarafu za kale wapo wanaotafuta aina moja tu: sarafu za Warumi zenye picha ya hekalu. Huenda msomaji akaliona jambo hilo kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi. Lakini mahekalu mengi ya Roma yalikwisha kubomolewa zamani, marumaru yake ikachomwa kuwa chokaa, na mawe yake yakajengewa nyumba nyingine. Mara nyingi picha pekee iliyobaki ya jengo zima ni ile iliyomo katika kipande cha madini kisichozidi upana wa kidole gumba. Katika makala hii tutaangalia ni kwa kiasi gani picha hiyo yaweza kusadikiwa.

Yafaa kwanza tujue namna sarafu ilivyofuliwa. Muhuri mmoja ulikazwa katika fuawe, kipande cha fedha kikawekwa juu yake, muhuri wa pili ukashikwa juu ya kipande hicho, kisha ukapigwa kwa nyundo. Dinari ya fedha ilikuwa na upana wa milimita 18 hivi na uzito wa karibu gramu 4. Fundi alichonga picha ndani ya chuma hali ameipindua, kushoto kuwa kulia, na katika nafasi hiyo ndogo alitakiwa aingize ngazi, nguzo, paa, sanamu ya mungu na maandishi. Hapana budi kitu kipunguzwe, na aghalabu kilichopunguzwa kilikuwa nguzo. Tena fundi alipenda kuachanisha nguzo za katikati ili mungu aliyemo ndani aonekane, ilhali katika jengo lenyewe sanamu ilikaa gizani nyuma ya milango. Mrumi aliyeishika sarafu hiyo hakudanganyika. Yeye alitaka kujua hekalu ni la nani. Kuhesabu nguzo ni kazi yetu sisi.

Hekalu lisilokuwapo

Mfano ulio bora ni hekalu kuu la Jupiter katika kilima cha Capitolium. Mwaka 78 K.K. afisa wa sarafu aitwaye Marcus Volteius alitoa dinari yenye picha ya hekalu hilo likiwa na nguzo nne mbele na milango iliyofungwa. Mwaka 43 K.K. afisa mwingine, Petillius Capitolinus, alitoa dinari ya hekalu lilo hilo, naye akalipa nguzo sita. Ni yupi msema kweli? Misingi ya hekalu bado ipo, yenye upana wa mita 50 na zaidi, na wataalamu wanakubaliana kwamba nguzo za mbele zilikuwa sita. Basi Volteius alipunguza.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hesabu ya nguzo. Hekalu la kale la Jupiter liliteketea kwa moto mwaka 83 K.K., na jipya halikuwekwa wakfu mpaka mwaka 69 K.K. Kwa hiyo mwaka 78, wakati dinari ya Volteius ilipokuwa ikipita mikononi mwa watu sokoni, juu ya kilima hapakuwa na hekalu lililokamilika. Fundi alichora ama kumbukumbu ama tumaini.

Mwingine alichora ahadi. Baada ya Julius Caesar kuuawa mwaka 44 K.K., Seneti iliamuru ajengewe hekalu kama mungu. Mwaka 36 K.K. Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus, alitoa sarafu ambazo upande mmoja zina kichwa chake chenye ndevu, alama ya msiba, na upande wa pili hekalu la nguzo nne, nyota katika pembetatu ya paa, na jina la Julius limeandikwa juu ya nguzo. Hekalu hilo liliwekwa wakfu tarehe 18 Agosti mwaka 29 K.K., miaka saba baadaye. Sarafu iliyotolewa mwaka 44 K.K. yenye hekalu la Huruma ya Caesar ni ngeni zaidi, kwani hakuna ushahidi kwamba hekalu hilo lilipata kujengwa.

Sarafu isemapo kweli

Tusikimbilie, hata hivyo, kuzikataa sarafu zote. Sarafu kubwa ya shaba iliyotolewa katika miaka ya mwisho ya Kaisari Tiberius, kati ya 35 na 37 B.K., inaonyesha hekalu la Concordia katika umbo la ajabu: ukumbi wa nguzo sita katikati, na nyuma yake jengo lililotanuka pande zote mbili likiwa na madirisha. Mtu angeweza kudhani kwamba fundi alikosea. Lakini mabaki yaliyopo chini ya Capitolium yanathibitisha kwamba chumba kikuu kilikuwa na upana wa mita 45 hivi na kina cha mita 24 tu. Hapa fundi alikuwa na nafasi, kwa maana sarafu hiyo ina upana wa karibu mara mbili ya dinari, naye akaitumia kuonyesha hata sanamu zilizosimama juu ya paa. Sanamu hizo hazipo tena; twazijua kwa sarafu.

Hivyo kanuni ya kazi ni kulinganisha: sarafu na sarafu, kisha sarafu na misingi ya jengo, kisha na maandishi ya wakati ule. Umbo la jumla, yaani duara au mstatili, huaminika kuliko idadi ya nguzo.

Kwa mkusanyaji

Anayeanza na apime uzito na upana wa kila sarafu, na aandike ilikotoka na jinsi ilivyompata. Sarafu iliyokutwa chini ya sakafu isiyoguswa humwambia mchimbuzi kwamba sakafu ilitandikwa baada ya sarafu kufuliwa. Ikichopolewa usiku na mwizi, habari hiyo hupotea kabisa, na hakuna maabara iwezayo kuirudisha. Ndiyo sababu Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unapinga biashara haramu ya vitu vya kale, na sarafu zisizo na historia inayojulikana hazifai kununuliwa, hata zikiwa nzuri namna gani.

Sarafu za shaba zisisuguliwe. Utando wa kijani ulio mgumu na laini huilinda picha, na anayeung'oa huondoa pamoja nao mistari ya nguzo. Kijani kilicho kama unga ni kutu inayokula, na hiyo ipelekwe kwa mtaalamu.

Mwisho, ziko sarafu bandia. Giovanni da Cavino wa Padova, aliyeishi katika karne ya 16, alichonga mihuri akiiga sarafu kubwa za Kirumi kwa ustadi uliowababaisha wengi. Bandia za kumiminwa katika kalibu ni rahisi zaidi kuzitambua: tazama ukingo kwa kioo cha kukuzia, utaona alama ya kiungo au vitundu vidogo vya hewa.