Kamera Ikinywa Ziwa, Usiiwashe

Mpiga picha wa Kigoma ana maadui wengi kuliko mwenzake wa Dodoma. Ziwa lipo, mchanga upo, vumbi jekundu la kiangazi lipo, mawese yapo, nyani wa Gombe wapo, na watoto wa harusini ndio usiseme. Kifaa kitaanguka tu, kama si leo ni mwakani. Ila nionavyo mimi, kamera nyingi haziuawi na ajali. Zinauawa na mwenyewe muda mfupi baada ya ajali, pale kihoro kinapomfanya abonyeze, atikise, apanguse na kupuliza kwa mdomo.

1. Imezama? Betri nje!

Kila aliyeona kamera ikizama hushikwa na hamu ileile ya kuiwasha aone kama bado iko hai. Hamu hiyo ndiyo muuaji. Maji yasiyokutana na umeme yana nafasi nzuri ya kukauka yakaondoka salama. Yakikutana nao, saketi zinaungua na kutu inaanza kazi papo hapo. Basi zima, toa betri, toa kadi, vua lenzi huku tundu la kamera likitazama chini, na acha vifuniko vyote wazi. Usitikise, usizungushe zumu, usibonyeze chochote. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wao hawakuwa na betri ya kuchomoa.

Kisha feni. Usianike kwenye bati jua la saa saba, usisogeze kwenye jiko la mkaa, wala usiazime mashine ya kukaushia nywele kwa dada wa saluni. Joto kali linalegeza gundi, linapinda plastiki na kusukuma mvuke ndani ya lenzi. Feni ya kawaida, chumba kikavu, siku mbili au tatu kamili. Betri iliyolowa usiichaji tena, nunua nyingine. Na bisibisi iweke mbali: kapasita ya flashi inaweza kubaki na umeme wa volti 300 hivi hata betri ikiwa imeshatoka, na huo haujali kama wewe ni fundi au mjuaji.

2. Mchele ni wa pilau

Mchele hauvuti maji yaliyojificha ndani ya kamera, ila unaacha vumbi la wanga na vipande vya chenga kwenye matundu. Mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake waache kufukia simu zilizolowa kwenye mchele. Tafuta vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu na mabegi mapya. Wauza viatu wa Mwanga huvitupa, waombe wakuwekee. Feni ikimaliza kazi yake, funga kamera na vipakiti hivyo kwenye chombo kisichopitisha hewa.

3. Ziwa si bahari, lakini usijidanganye

Hapa tumependelewa. Kamera iliyoanguka Forodhani, Zanzibar, ina chumvi ndani yake, na chumvi inakula metali usiku na mchana. Tanganyika ni maji baridi. Hata hivyo si maji ya mvua: yana magadi na madini yaliyoyeyuka, na tone likikaukia kwenye kioo cha lenzi linaacha doa jeupe. Dawa ni kuwahi. Pangusa rasharasha zikiwa bado mbichi, kwa kitambaa laini kilichonyunyiziwa maji safi ya kunywa. Doa likishakauka usilikwangue kwa ukucha. Liloweshe, subiri, ndipo upanguse.

Kwenye mialo ya samaki hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji ya ukingoni yamechanganyika na sabuni, utelezi wa samaki na mafuta ya injini.

4. Fanya kama wahandisi wa Liemba

Julai 1916 Wajerumani waliamua kuizamisha meli yao Graf Goetzen isije ikaangukia mikononi mwa adui. Wahandisi waliokuwa na meli hiyo tangu ilipoletwa Kigoma vipande vipande, ndani ya maboksi yapatayo 5,000, walifanya jambo la akili kabla ya kuiachia maji: waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Wao walijua itazama, kwa hiyo wakajiandaa. Wewe ukipanda boti ya Gombe, Kagunga au Mahale, fanya kama unajua. Grisi yako ni ndoo. Ndoo ya plastiki ya lita 10, ile ya rangi yenye mfuniko wa kubana, ioshe vizuri, weka kitenge chini na pembeni, tumbukiza kamera na vipakiti vya namba 2, funga. Inaelea, inakaliwa, na hakuna mwizi anayeitamani. Mfuko wa rambo tuliokuwa tukifunikia kamera umepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kusema kweli haukuwa ukizuia kitu zaidi ya manyunyu.

Ndoo ifunge kwa kamba kwenye boti. Boya, yaani jaketi la kujiokolea, ni la kwako, si la kamera. Na kamera isining'inie shingoni wakati wa kushuka. Vijiji vingi vya mwambao boti inasukumwa tu hadi mchangani, abiria anaruka, wimbi linakuja, na mtu mwenye begi mkono huu na viatu mkono ule hana mkono wa tatu. Mpe kijana wa boti ndoo, shuka, ndipo uipokee.

5. Mchanga: puliza, usipanguse

Picha nzuri ya dagaa walioanikwa Katonga inapigwa ukiwa umelala kifudifudi, na hapo ndipo mchanga unapoingia. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko tabaka linalolinda kioo cha lenzi yako. Ukipangusa kwa kanga, umechora. Geuza lenzi itazame chini, tumia kipulizio cha mpira, halafu brashi laini, na kitambaa kije mwisho kabisa. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji yenye chakula. Ukisikia zumu ikikwaruza, iache hapo ilipo, usiilazimishe kwenda mwisho na kurudi "ili itoke". Haitatoka. Itasaga.

6. Filta ikipasuka

Lenzi imeanguka sakafuni kwa uso, umesikia kioo, moyo umesimama. Tulia. Mara nyingi kilichopasuka ni filta ya mbele, nayo imekufa kwa niaba ya lenzi.

Usiguse vipande kwa kitambaa. Shika lenzi uso ukiwa chini juu ya gazeti, gonga ubavu taratibu kwa kidole. Vipande vikubwa vitaanguka vyenyewe. Puliza, gonga tena, puliza. Sasa pete ya filta: ikiwa imebonyea haitakubali kufunguka, na koleo ndilo kosa linalofuata, maana litakwenda na uzi wa lenzi. Chukua ile mipira ya kufungia noti, zungusha miwili au mitatu kwenye pete ili vidole vipate kushika, kisha fungua polepole kinyume cha saa bila kuiminya sana, kwa sababu ukiiminya inageuka yai na kukaza zaidi. Ikikataa kabisa, mpelekee fundi hivyohivyo.

7. Mawese na mikono ya pilau

Hii ni ya Kigoma hasa. Mgeni mwalikwa anaomba "nione picha", kidole kina mawese, na kidole kinatua kwenye kioo cha lenzi. Kitambaa kikavu kitasambaza mafuta kutoka ukingo hadi ukingo. Tumia dawa ya kusafishia lenzi, tone moja kwenye kitambaa na si kwenye kioo, ukianzia katikati kwenda nje. Petroli, sabuni ya unga na manukato, hapana.

8. Nyani akichukua, mwache aondoke nayo

Pale Kasekela, Gombe, nyani wa ufukweni wamewazoea watu. Wanajua begi lina ndizi, na begi la kamera kwao ni begi tu. Ukimkimbiza atapanda mti, na akigundua haliliki ataliachia kutoka juu. Simama, muite mwongozaji, subiri. Chakula na kamera visikae begi moja, na mlango wa chumba ufungwe. Sokwe wao hawana haja na lenzi yako, ukiheshimu umbali unaoambiwa.

9. Picha kwanza, kamera baadaye

Kamera ni pesa, lakini harusi ya watu hairudiwi. Kadi ya kumbukumbu ni sugu kuliko kamera. Ikilowa, isuuze kwa maji safi, ikaushe siku nzima, kisha isomee kwenye kompyuta. Kama kadi inafunguka lakini picha hazionekani, usipige nyingine juu yake. Sukuma kile kiswichi cha pembeni kinachofunga kadi isiandikwe, halafu tumia programu ya kurejesha mafaili. PhotoRec ni ya bure na inafanya kazi vizuri.

10. Inawaka? Hiyo si kupona

Kamera iliyoanguka inaweza kuwaka, ikapiga, na bado ikawa mgonjwa. Bandika gazeti ukutani, kamera kwenye tripodi ikilitazama wima, lenzi ifunguliwe hadi mwisho, piga. Kuza picha ulinganishe kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine zinasomeka, kioo cha ndani kimehama. Jaribu fokasi ya karibu na ya mbali, jaribu flashi, jaribu kila kitufe. Lenzi inayosikika ikichezacheza ndani si lazima iwe imevunjika, kwani zenye kizuia mtikisiko nyingi hulia hivyo zikiwa zimezimwa. Kioo cha nyuma kikipasuka na kazi ikiwa haijaisha, chungulia kwenye tundu la kuangalizia, endelea.

11. Kamera ya kuazima

Mjini kwetu kamera moja ina baba watano. Jumamosi iko harusini Ujiji, Jumapili iko kipaimara Gungu. Kabla haijatoka nyumbani kwa mwenyewe, pigeni picha kila kipande, andikeni namba yake, na mkubaliane nani atalipa ikitokea la kutokea. Kuandikiana si kukosa imani. Ni kulinda urafiki.

Ikiharibika, nenda kwa miguu yako siku ileile. Ujumbe wa sauti usiku wa manane si taarifa, ni kukimbia. Na usipitie kwa fundi kimyakimya ukitumaini mwenyewe hatagundua, maana kamera ikishafunguliwa, waranti na bima huenda vimekwisha.

"Shikamoo kaka. Kamera yako imeanguka majini mikononi mwangu, leo jioni pale Kibirizi. Betri nimetoa. Sijaiwasha."

"Marahaba. Wewe mwenyewe mzima?"

Hiyo "sijaiwasha" ina thamani kuliko pole kumi. Kuhusu malipo, msimamo wangu ni huu: unalipa matengenezo, na kama haitengenezeki unalipa thamani ya kamera ilivyokuwa siku ile. Kamera ya miaka minne hailipwi kwa bei ya dukani. Kama ni kidogo kidogo, mzee mmoja ashuhudie na yaandikwe.

Mtoto wa mwenye harusi akiangusha tripodi, hapo ni vigumu zaidi. Huwezi kumdai baba wa bwana harusi mbele ya wakwe. Mstari mmoja kwenye mkataba ungemaliza kazi, na mfuko wa mchanga miguuni mwa tripodi ungeizuia kabisa.

12. Bima

Nunua kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na uulize maswali ya kijeuri kabla ya kusaini. Inalipa nikiwa kwenye boti? Inalipa kamera ikiwa kazini, au nyumbani tu? Ya kwanza kutoka mfukoni mwangu ni kiasi gani? Risiti ya EFD na namba ya kamera vitunze mahali pengine, si kwenye begi la kamera. Ajali ikitokea, toa taarifa kwa bima kabla ya kumpelekea fundi. Mkivutana kuhusu malipo, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009.

Fangasi kwa kawaida hailipwi, kwa sababu si ajali. Inaota taratibu msimu wa mvua ndani ya begi lililofungwa kabatini, hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi. Toa lenzi nje, zitumie, zipigwe mwanga.

13. Kwa fundi, sema kweli

Fundi simu mzuri wa hapa anaweza kukusafishia miguu ya betri au kukubadilishia kioo cha nyuma akipata kifaa. Lenzi iliyohama, shata, sensa: hizo zisafiri kwenda Dar es Salaam. Vua lenzi, toa betri, weka vifuniko, funga kila kipande peke yake kwa kitambaa kinene ndani ya boksi gumu, na ubaki na kadi. Weka karatasi inayosema ilianguka wapi, lini, ikakaa majini muda gani. Usiandike "imezima tu yenyewe". Akifungua ataona alama za maji kwenye bodi, na atakuwa amepoteza siku mbili akitafuta ugonjwa mwingine kwa pesa yako.

Akikwambia imekufa, mwambie airudishe. Shata, mlango wa betri, pete ya kushikia lenzi, vyote vina mnunuzi.