Mikate ya Viazi: Somo la Upishi

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi, lakini viazi vya Kizungu huoza. Gunia la mahindi makavu, likihifadhiwa vema, laweza kungojea mavuno mengine. Gunia la viazi huota machipukizi au kuharibika baada ya muda si mrefu. Kwa hiyo viazi vya Mlima Elgon na Cherangani vinapoteremshwa kwa wingi katika masoko ya Kitale na Bungoma, na bei ikashuka, yafaa kila nyumba ijue mapishi zaidi ya kuchemsha na kuunga mchuzi.

Watu wa Ireland, ambao kwa muda mrefu waliishi kwa viazi, hupika mikate yake hivi.

VITU VINAVYOTAKIWA: Viazi nusu kilo, unga wa ngano gramu 100, siagi au samli vijiko viwili vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai.

MAPISHI: Kwanza, mpishi aoshe viazi, avichemshe na maganda yake hata viive, kisha amwage maji yote na kurudisha sufuria motoni kwa dakika moja ili vikauke. Viazi vyenye maji hutaka unga mwingi, na mkate huwa mzito.

Pili, avimenye na kuviponda vingali moto, pasibaki madonge. Atie siagi na chumvi, halafu unga kidogo kidogo, akikanda kwa wepesi hata donge lisinate mikononi.

Tatu, alisukume liwe duara nene kiasi cha nusu ya upana wa kidole, alikate vipande vinne, na kuvioka katika kikaango chenye mafuta kidogo. Kila upande waiva kwa dakika tatu hadi tano, juu ya moto wa wastani. Mikate hii huliwa moto, kwa chai au maziwa.

ONYO: Viazi vilivyoachwa juani hugeuka rangi ya kijani na kufanya sumu, wala kuchemsha hakuiondoi. Asipewe mtoto viazi vya kijani au vilivyochipuka sana. Vyote vihifadhiwe gizani, mahali pakavu penye baridi.

Tena, pamoja na mapishi, yafaa kukumbuka mkasa uliowapata watu hao wa Ireland. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia mashambani, ukaozesha viazi. Maskini wengi hawakuwa na chakula kingine, na katika njaa iliyoendelea hata mwaka 1852 walikufa watu wapatao milioni moja. Ugonjwa ule ule hushambulia viazi hata leo katika nyanda za juu zenye baridi na mvua. Basi mkulima mwenye busara hapandi viazi peke yake. Hupanda pia mahindi na maharagwe, ili kimoja kikiharibika watoto wasilale njaa.