SOMO LETU: TUWEKE AKIBA YA MALISHO KABLA YA KIANGAZI



Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Wengi wetu tulichuna ngozi mpaka tukachoka. Tulipokaa chini kuulizana, tuliona kwamba ukame hatuwezi kuuzuia, lakini kuna jambo moja tulilokosea sisi wenyewe: mvua iliponyesha, nyasi zote tuliziacha ziliwe, hatukuweka hata mzigo mmoja.

Mbona ng'ombe anakonda na tumbo limejaa?

Nyasi mbichi zina nguvu na protini. Zikishakauka zikiwa zimesimama, protini hupungua sana na kubaki ugumu tu. Ndani ya tumbo la ng'ombe kuna vijidudu vidogo vinavyosaga nyasi, na vijidudu hivyo vinahitaji protini. Vikikosa, nyasi hukaa tumboni siku nyingi, ng'ombe anakula kidogo, na anakonda. Kwa hivyo kiangazini anahitaji nyasi, na tena kitu cha kuongezea.

Funga sehemu ya malisho

Jambo hili si geni. Wamaasai tangu zamani hutenga olopololi karibu na boma, kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Kule Chepareria, Pokot Magharibi, watu walianza kuzungushia ua mashamba yao miaka ya 1980, na ardhi iliyokuwa tupu ikarudi kuwa na nyasi.

Wengine watasema, "Nyasi ni za Mungu, utazifungiaje?" Ni kweli, lakini nyasi zikitafunwa kila siku mizizi yake hufa, na hapo anakosa kila mtu. Kikundi kikubaliane: sehemu gani ifungwe, tangu lini mpaka lini, na atakayeingiza ng'ombe atozwe nini. Mkishakubaliana, andikeni.

Kata na ukaushe

1. Kata nyasi zinapoanza kutoa maua. Ukingoja mbegu zikauke, umechelewa.
2. Acha shina la upana wa kiganja, ili nyasi zichipuke tena.
3. Anika siku mbili au tatu ukizigeuza. Zikikaushwa vizuri hubaki na rangi ya kijani.
4. Weka juu ya miti, si chini, na ezeka juu yake. Wazee husema akiba haiozi, lakini nyasi zikiwekwa na unyevu huota ukungu na kuharibika.

Chakula cha kuongezea

Mabaki ya kunde, maharagwe na mbaazi yana protini kuliko mabua ya mahindi. Msiyachome shambani. Okoteni pia maganda ya mgunga (oltepesi) yanapoanguka. Yatwangeni, kwa sababu mbegu nzima hupita tumboni bila kusagika. Anza na kidogo, halafu ongeza polepole. Maganda ya mathenge nayo yatwangwe na kuchanganywa na nyasi. Yakiliwa mazima mbegu zake huenea kila mahali.

Chumvi ya ng'ombe na maji yasikosekane. Lakini jihadharini na yuria: ikizidi ni sumu, inaua ng'ombe kwa muda mfupi. Msiitumie mpaka afisa wa mifugo awaonyeshe.

Tupige hesabu

Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Tuseme anapata sehemu kubwa malishoni, na wewe unamwongezea kilo 2 za nyasi zako jioni. Kwa siku 90 ni kilo 180. Ikiwa robota moja ni kilo 15, hayo ni marobota 12. Ng'ombe watano ni marobota 60.

Na kama una 20? Hapo ndipo penye uchungu. Akiba yako haitawatosha wote. Maksai na ng'ombe wasiozaa wauzwe mapema wakiwa bado na nyama, kabla soko halijajaa ng'ombe waliokonda. Nyasi uwape wenye mimba, wanaonyonyesha na mitamba. Tunajua si rahisi kumuuza maksai uliyemlea. Lakini aliyengoja mpaka ng'ombe akashindwa kusimama hakupata bei, alipata ngozi tu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika ukame uliopita tulipoteza ng'ombe wangapi? Tungeuza wangapi mapema?
2. Ni sehemu gani tunayoweza kuifunga mvua ijayo, na nani atailinda?
3. Kila mmoja ahesabu: nahitaji marobota mangapi, na nina mangapi leo?

Anzeni na kipande kidogo. Mvua ikianza, kazi nayo ianze.