Tupake Kuta Rangi Gani?

Bweni likikaribia kupakwa rangi, hawakosi wenzetu waombao kahawia nzito, eti haionyeshi uchafu. Kweli haionyeshi, lakini kwanza tuulize habari ya nuru.

Ukuta wa chokaa nyeupe, ukiwa safi, hurudisha chumbani karibu asilimia 80 ya nuru iupigayo. Ule wa kahawia nzito hurudisha pungufu ya asilimia 20; iliyobaki huimeza. Basi taa ile ile moja yaweza kumtosha msomaji katika chumba cheupe, na katika kile cheusi ikamchosha macho.

Jaribu mwenyewe usiku. Keti karibu na ukuta mweupe, taa ikiwa mbali kidogo, ufungue kitabu. Kisha mwenzako autandike ukuta huo blanketi jeusi. Utaona herufi zinafifia, na taa haikuguswa.

Adui wa weupe ni mikono yetu na viatu. Ndiyo maana madarasa mengi hupakwa rangi nzito chini, mpaka usawa wa kiuno hivi, na nyeupe juu. Dari nayo iwe nyeupe kabisa. Huko hafiki mtu, ila wacheza mpira wa chumbani.