Msituni Wakati wa Theluji
Kijitabu cha afya kwa familia zinazosema Kiswahili nchini Ufini

Katika nusu ya pili ya Desemba, mchana wa Helsinki haudumu hata kwa saa sita kamili. Kule Oulu ni mfupi zaidi, na Utsjoki jua halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Katika miezi hiyo ni rahisi familia nzima kujifungia ndani tangu watoto wanapotoka shule hadi wanapolala, kila mtu na simu yake. Mwili hauyavumilii maisha hayo kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili kwa angalau dakika 60 kila siku, na mtu mzima dakika 150 kwa wiki. Baridi haipunguzi dakika hizo.

Wengi huzuiwa na gharama. Ada za klabu za michezo ni kubwa, hasa kwa mwenye watoto watano. Lakini msitu hauna kiingilio. Ufini ina hifadhi za taifa zaidi ya 40, na hakuna hata moja inayotoza pesa mlangoni. Tena sheria za hapa zinamruhusu kila mtu, awe raia au mgeni, kutembea na kuteleza kwa skii hata katika msitu wa mtu binafsi, mradi asikaribie ua wa nyumba ya watu wala kuharibu kitu. Wafini wanaiita haki hiyo jokamiehenoikeus. Ni haki yenu pia, itumieni bila kuona haya.

Si lazima mwende mbali. Helsinki ina Keskuspuisto, ukanda wa msitu wa kilomita 10 unaopita katikati ya jiji. Tampere ina msitu wa Kauppi. Kuopio ina kilima cha Puijo. Mkitaka msitu mkubwa zaidi, hifadhi ya Nuuksio inafikika kwa basi namba 245 kutoka Espoo.

Msitu unapotisha

Kuna jambo tunalotaka kulisema wazi. Kwa mtu aliyekimbia usiku kutoka Masisi, Fizi au Uvira, mashariki mwa Kongo, msitu si mahali pa kupumzikia. Huko ndiko walikotokea wenye silaha, na huko ndiko watu walikojificha na watoto mgongoni. Mama anayesita kuingia chini ya miti ana sababu zake, na asichekwe, wala na mume wala na watoto waliokulia hapa.

Anzeni ukingoni. Chagueni njia yenye taa, mahali ambapo nyumba bado zinaonekana, saa sita au saa saba mchana, mkiwa na familia nyingine. Kabla ya kuingia, onyeshaneni njia ya kutokea. Siku ya kwanza inatosha mzazi kusimama pale huku watoto wakicheza mbele ya macho yake. Mkisikia mlio wa bunduki wakati wa vuli au mwanzoni mwa baridi, kwa kawaida hao ni wawindaji, na wengi wao huvaa nguo za rangi ya machungwa ili waonekane. Dubu hulala sehemu kubwa ya msimu wa theluji. Na ikiwa moyo unadunda, jasho linatoka na picha za zamani zinarudi, rudini nyumbani siku hiyo. Mwelezeni muuguzi wa kituo cha afya, na mwombe mkalimani. Hilo ni tatizo la afya linalotibika, sawa na shinikizo la damu.

Mavazi

Nguo za baridi zinapatikana kwa bei ya chini kirpputori, kwenye mitumba. Haalari ya mtoto, ile suti nzito ya kipande kimoja, mara nyingi huwa bado imara kwa sababu mtoto aliyeivaa kwanza alikua haraka kuliko nguo ilivyochakaa. Tumieni pesa zaidi kwenye nguo ya ndani. Inayogusa ngozi iwe ya sufu au ya kitambaa cha michezo. Pamba hunywa jasho na kubaki na majimaji, na mtoto aliyelowa hupoa upesi. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Viatu viwe na nafasi ya vidole kuchezacheza, maana kiatu kinachobana huzuia damu na mguu huganda hata ukivikwa soksi tatu. Kwa mikono, glavu zinazoweka vidole vinne pamoja hushinda zenye vidole vilivyotengana.

Kujua kama mtoto amevaa sawasawa, ingizeni vidole viwili nyuma ya shingo yake, ndani ya kola. Pakiwa pana joto na pakavu, mwacheni acheze. Pakiwa na jasho, mpunguzieni nguo moja. Pakiwa pa baridi, mwongezeeni au mrudi. Msipime kwa viganja vyake, kwani huwa baridi hata mtoto akiwa mzima.

Angalieni pua, masikio na mashavu, hasa upepo unapovuma. Vitabu husema ngozi inayoganda hugeuka nyeupe, lakini kwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani vizuri. Tafuteni sehemu iliyofifia na kuwa ya kijivu, ngumu kama nta, isiyohisi ikiguswa. Ipasheni joto kwa kiganja au kwapani. Msiisugue, msiipake theluji, wala msiisogeze karibu na moto. Ikibaki ngumu au ikitoa malengelenge, nendeni hospitali.

Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi kutoka Kongo huuita SS, anahitaji uangalifu wa pekee. Baridi na kukosa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Zungumzeni na daktari wake kabla ya msimu kuanza. Akiruhusu, mtoke kwa muda mfupi, mtoto avae zaidi ya wenzake na anywe kitu cha moto njiani. Mwenye pumu naye afunike mdomo kwa skafu.

Jua la Oktoba hadi Machi liko chini mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Kwa hiyo matembezi hayachukui nafasi ya matone au vidonge. Ulizeni kipimo neuvola, kliniki ya mama na mtoto.

Mambo ya kufanya

Mtoto mdogo aanze na robo saa. Wakubwa watataka kilima cha kutelezea. Pulkka, kile chombo cha plastiki cha kutelezea, ni ya euro chache, na baadhi ya maktaba huazimisha skii, viatu vya barafu na hata viatu vya theluji kwa kadi ileile ya vitabu. Msitembee ndani ya mifereji iliyochongwa kwa skii. Mtaharibu kazi ya watu.

Someni nyayo. Za sungura ni nne: mbili ndogo zimefuatana, na mbele yake mbili kubwa zimekaa sambamba. Zile kubwa ni za miguu ya nyuma, ambayo hutua mbele ya ile ya mbele anaporuka. Wapeni watoto kazi ya kusema alikuwa anaelekea wapi.

Kwenye hifadhi za taifa kuna sehemu za kuotea moto, na nyingi zina kuni za bure kibandani. Moto uwashwe hapo tu. Mkikuta kuni za mti wa koivu, menyeni gome lake jeupe. Hushika moto hata likiwa na unyevu. Msibandue gome la mti ulio hai. Wenyeji huchoma soseji, ambazo nyingi zina nyama ya nguruwe, basi asiyekula achukue ndizi au mahindi kutoka nyumbani, pamoja na chupa ya chai ya tangawizi.

Baba aliyevua katika ziwa Tanganyika au Kivu ana nafasi yake hapa. Kuvua kwa fimbo fupi kupitia tundu la barafu, pilkki, hakuhitaji kibali katika maziwa mengi, na samaki aina ya ahven ni kitoweo kizuri. Ila barafu iogopeni. Msikanyage iliyo chini ya sentimita 10, na mpime kila mnapohama. Karibu na mito, chini ya madaraja na penye matete huwa nyembamba, na wakati wa kuchipua hudanganya hata ikiwa nene. Msiende peke yenu. Vaeni shingoni jäänaskalit, misumari miwili yenye mishikio. Ukizama, geukia ulikotoka, choma misumari kwenye barafu, piga miguu kama unaogelea, kisha jiviringishe hadi mbali bila kusimama.

Jioni inaingia mapema. Kila mmoja avae kiakisi mwanga. Wekeni programu ya 112 Suomi kwenye simu kabla ya kutoka: mkipiga kupitia humo, wahudumu wa dharura huona mlipo hata kama hamjui jina la mahali. Na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa baridi huua betri.