Vipimo vya Mahakama Husimamiwaje?

SWALI: Msomaji ambaye mpwa wake aliyeko Marekani ameamriwa na mahakama kupimwa dawa za kulevya anauliza: vipimo hivyo husimamiwaje, na je, mtu hawezi kudanganya?

JIBU: Kinga ya kwanza ni kushtukiza. Katika mpango wa HOPE, ulioanzishwa Honolulu mwaka 2004 na Jaji Steven Alm, mshiriki hupewa rangi yake. Asubuhi hupiga simu. Rangi hiyo ikitajwa, lazima akapimwe siku hiyo hiyo. Akipatikana na dawa, huwekwa ndani siku chache papo hapo, makosa yasirundikane hadi yamletee kifungo cha miaka.

Kudanganya si rahisi. Mara nyingi mtumishi wa jinsia yake husimama akitazama. Kikombe kina kipimajoto ubavuni: ndani ya dakika 4, mkojo husoma kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Ukisoma chini ya hapo, pengine ulitoka mfukoni.

Lakini kipimo cha haraka nacho hukosea, na hapa msimamizi mzembe huumiza watu. Baadhi ya dawa za mafua zinaweza kusomeka kama amfetamini. Anayekana matokeo astahili sampuli yake ipelekwe maabara kuhakikiwa. Mpwa ataje mapema kila dawa anayomeza, na abebe cheti cha daktari.